Je, Tuna Haki ya Kumgeuza Mbu?



Kati ya maswali yanayoletwa na watu wanaoitafuta dini ya haki, yako mepesi ambayo hujibiwa kwa kufungua kitabu, na yako mengine ambayo mwalimu akiyajibu kwa haraka humrudia usiku na kumnyima usingizi. Swali ninalotaka kulieleza leo ni la namna hii ya pili.

Nililetewa swali hilo hapa Gongoni, mjini Tabora, wakati wa masika, baada ya sala ya Magharibi. Darsa ya jioni ile ilihusu uumbaji, nami nilikuwa nimesema kwamba Mwenyezi Mungu hakuumba kitu chochote bure, hata mbu. Kijana mmoja, ambaye hajaingia katika dini yetu lakini huhudhuria darsa zetu, alingoja mpaka wenzake wakaondoka. Akaniamkia, kisha akasema: "Sheikh, mwezi uliopita nilimzika mwanangu. Alikuwa na miaka mitatu, na ugonjwa wake ulikuwa malaria. Redioni nimesikia kwamba wataalamu wa Bagamoyo wanamgeuza mbu asibebe tena ugonjwa huu. Wewe umetufundisha kwamba mbu ni kiumbe cha Mungu. Je, watu hao wana haki ya kumgeuza? Na kama hawana haki, mwanangu alikufa kwa haki ya nani?"

Nilimpa pole, nikamwambia kwamba yote ni kudra ya Mwenyezi Mungu, na kwamba yatupasa kusubiri. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayakuwa jibu la alichouliza. Alinishukuru kwa adabu, akaenda zake. Nilikaa miaka mingi katika chuo cha dini ugenini nikifundishwa kujibu hoja za watu, na jioni ile nilimfungia mtu mlango kwa maneno mazuri. Basi makala hii ni deni ninalojaribu kulilipa, kwake na kwa kila msomaji ambaye swali hilo limo moyoni mwake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwani haifai kutoa hukumu juu ya jambo kabla ya kulijua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 watu wapatao 263,000,000 waliugua malaria, na 597,000 walikufa. Wengi mno kati ya waliokufa walikuwa watu wa Afrika, na katika Afrika kiasi cha robo tatu ya waliokufa walikuwa watoto wasiofikia miaka mitano. Hapa kwetu Tanzania, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya kila watoto wadogo 100 waliopimwa, 8 walikuwa na vimelea vya malaria. Lakini katika mkoa wa Tabora walikuwa 23 kati ya 100, na hakuna mkoa mwingine uliokuwa na hesabu kubwa zaidi. Kwa hiyo aliyeniuliza hakuleta fumbo la kujifurahisha akili. Aliuliza akiwa katika mkoa ambao mzigo huu ni mzito kuliko mahali popote nchini.

Muda mrefu wanadamu hawakujua homa hii inatoka wapi. Jina "malaria" lenyewe lina maana ya hewa mbaya katika lugha ya Kitaliani. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora pamoja na Speke mwezi wa Novemba 1857 kwa njia ya misafara itokayo pwani, alikuwa ameandika katika kitabu kilichotolewa mwaka 1856 kwamba Wasomali husema kuumwa na mbu huleta homa kali. Yeye aliliita jambo hilo ushirikina tu. Kisha akaja katika nchi yetu, akashikwa na homa mara kwa mara hata ikambidi abebwe kwa machela. Naye daktari mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, aliandika mwaka 1898 kwamba watu wa milima ya Usambara waliita homa waliyoipata huko mabondeni kwa jina la "mbu", kwa kuwa waliamini kwamba mdudu huyo ndiye aliyewapa. Mwaka 1880 Mfaransa Laveran alikuwa amekiona kimelea katika damu ya mgonjwa huko Algeria, na mwezi wa Agosti 1897 Ronald Ross alikikuta ndani ya tumbo la mbu huko Secunderabad, India. Mwaka uliofuata Grassi na wenzake wa Italia walithibitisha kwamba mbu wa jamii ya anofelesi ndiye ampaye mwanadamu malaria. Basi yale aliyoyadharau msomi yalikuwa karibu na ukweli kuliko elimu yake. Yafaa tuukumbuke mfano huu kila tunapotaka kumcheka anayeuliza au anayechunguza.

Sasa tumtazame mbu mwenyewe. Mbu dume haumi mtu. Chakula chake ni utamu wa maua na majani. Jike pia hunywa utamu huo, lakini ili mayai yake yakomae huhitaji damu. Kwa kawaida huchanganyika na dume mara moja tu katika maisha yake, kisha hutafuta damu, hupumzika siku mbili au tatu mpaka mayai yawe tayari, huyataga majini, halafu hutafuta damu tena. Kama damu aliyokunywa ilikuwa ya mtu mwenye malaria, vimelea huingia tumboni mwake, huupenya ukuta wa utumbo, hukua hapo, na mwisho hufika katika tezi za mate. Safari hiyo huchukua siku 10 hadi 14 hivi, kwa kutegemea joto la mahali. Mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Anayetuambukiza ni yule aliyebahatika kuishi muda mrefu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mbu jike hatujii kwa uadui. Anatafuta riziki ya mayai yake, kama kila mama anavyotafuta. Kimelea ni msafiri aliyejipakia mgongoni mwake, na wakati wa safari yao ni mfupi. Ukilifahamu jambo hili umefahamu msingi wa kazi yote ya wataalamu, maana wao hutafuta mahali ambapo kizazi cha mbu na safari ya ugonjwa hukutana, ili wakate hapo.

Miongoni mwa wataalamu hao yumo Mtanzania, Dk. Dickson Lwetoijera wa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 2014 yeye na wenzake walieleza jaribio walilolifanya ndani ya nyumba kubwa za wavu. Waliweka vyungu vya udongo vilivyopakwa ndani unga wa dawa iitwayo pairiproksifeni. Mbu walipojificha humo walitoka na unga miguuni, na walipokwenda kutaga waliufikisha wenyewe katika maji ya mazalio yao, na viluwiluwi waliokuwemo wakashindwa kukua wakawa mbu wenye mabawa. Yaani mbu alitumwa kuipeleka dawa mahali ambapo mkono wa mwanadamu haufiki kwa urahisi.

Kazi aliyoisikia yule kijana redioni ni ya baadaye. Mwezi wa Desemba 2025 Dk. Lwetoijera na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Chuo cha Imperial cha London, walitangaza kwamba wamewatengeneza hapa hapa nchini, katika maabara ya Ifakara iliyoko Bagamoyo, mbu waliobadilishwa urithi wao. Mbu hao wametiwa maelekezo ya kutengeneza tumboni mwao viini viwili vinavyopigana na vimelea: kimoja asili yake ni ngozi ya chura wa Afrika mwenye kucha, na cha pili asili yake ni sumu ya nyuki. Walipolishwa damu yenye vimelea vilivyotoka kwa wagonjwa wa Tanzania, ukuaji wa vimelea ulizuiwa sana. Tena sifa hiyo imeandaliwa kwa namna ambayo, ikiunganishwa na chombo kingine cha urithi, inaweza kurithiwa na karibu watoto wote wa mbu badala ya nusu yao, na hivyo kuenea yenyewe kizazi baada ya kizazi. Kazi hiyo yote ilifanyika ndani ya maabara iliyofungwa, wala mbu hao hawakuachiliwa nje. Sisi wa Tabora, tunaoijua asali na pia mwiba wa mwenye asali, tuna sababu ya kutafakari. Kurani Tukufu hututajia ponya iliyomo katika kinywaji kitokacho tumboni mwa nyuki, na leo wanadamu wanatafuta ponya hata katika sumu yake.

Basi, je, jambo hili ni halali? Huenda mtu akasema: "Katika Sura An-Nisaa imetajwa ahadi ya Shetani kwamba atawaamrisha watu wayakate masikio ya wanyama na wabadili umbo la Mungu. Kumgeuza mbu si hilo?" Hoja hii ni nzito, na haifai kuipuuza. Lakini tutazame mahali inapotoka. Washirikina wa Uarabuni walikuwa wakiyakata masikio ya wanyama ili kuwaweka wakfu kwa masanamu yao, na wengi wa wafasiri wa kale walieleza kwamba umbo linalokatazwa kubadilishwa ni ile dini ya asili ambayo Mwenyezi Mungu amewaumbia wanadamu. Kama kila badiliko katika viumbe lingekuwa kazi ya Shetani, basi mkulima asingeweza kuchagua mbegu. Mahindi tunayosaga kila siku yalitokana na majani ya mwitu huko Amerika, na wakulima wa kule waliyabadilisha kwa maelfu ya miaka kabla hayajafika kwetu.

Tena tunao mfano wa Mtume Muhammad s.a.w. mwenyewe. Alipohamia Madina aliwakuta watu wakichukua chavua ya mtende dume na kuitia katika mtende jike ili uzae vizuri. Alisema kwamba hadhani jambo hilo lina faida, nao wakaacha. Mavuno yalipopungua wakamweleza, naye akawajulisha kwamba maoni yake katika jambo kama lile ni ya kibinadamu, na kwamba wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao. Tazama, ndugu msomaji, unyenyekevu ulioje! Nabii wa Mungu aliwaachia wakulima elimu ya kuzaliana kwa mitende. Sisi walimu wa dini tukitoa hukumu juu ya kuzaliana kwa mbu bila kuwasikiliza wanaoujua, tunafuata mfano wa nani?

Wa pili atasema: "Kufa na kupona ni kudra. Kwa nini kuhangaika?" Hili ndilo jibu nililompa yule kijana, nami nalijibu kwa aibu. Tauni ilipoingia Sham katika ukhalifa wa Hadhrat Umar r.a., naye yuko njiani kwenda huko, aliamua kurudi na watu wake. Hadhrat Abu Ubaida r.a. akamwuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu. Umar akajibu kwamba anatoka katika kudra ya Mungu kwenda katika kudra ya Mungu. Maana yake ni kwamba dawa nayo ni kudra, na chandarua ni kudra, na akili ya mchunguzi ni kudra. Anayeitaja kudra ya ugonjwa na kuisahau kudra ya tiba ameshika nusu ya imani.

Hata hivyo, ruhusa haina maana ya kukosa mipaka. Katika hadithi tunaelezwa habari za nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na sisimizi, akaamuru kijiji chote cha sisimizi kichomwe. Mwenyezi Mungu alimkemea: sisimizi mmoja alikuuma, nawe umeteketeza umma mzima unaomsabihi Mungu! Kwa upande mwingine Mtume s.a.w. aliruhusu kuua wanyama wenye madhara, kama nge, hata kwa mtu aliye katika ihramu. Tukiyaweka mafundisho haya mawili pamoja tunapata kipimo: madhara yaondolewe, lakini kuondoa kusizidi madhara.

Kipimo hiki kinatusaidia kupambanua njia mbili za wataalamu. Njia ya kwanza ni kukikatisha kizazi cha mbu. Mwaka 2018 wataalamu wa London walionyesha kwamba badiliko moja la urithi linalowafanya majike kuwa tasa liliweza kuwamaliza mbu wote waliokuwa katika vizimba katika vizazi 7 hadi 11. Njia ya pili ni ile ya Bagamoyo, ambayo humwacha mbu aishi, atage na kuwalisha popo, samaki na ndege, lakini humvua mzigo wa ugonjwa. Kwa kadiri ya ufahamu wangu, njia ya pili i karibu zaidi na adabu ya dini, kwa kuwa inampiga kimelea na kumwachia mbu uhai wake. Lakini siwalaumu wanaoifuata ile ya kwanza. Ziko aina zaidi ya 3,500 za mbu duniani, na wao wanazikusudia chache tu ziletazo malaria. Uhai wa mtoto ni mzito kuliko uhai wa aina moja ya mbu. Ikiwa hakuna njia nyepesi itakayomwokoa mtoto, iliyo nzito yaruhusiwa.

Liko sharti jingine, na watu wa Tabora wanastahili kulisema kwa sauti kubwa kuliko wengine. Kitu chenye kuenea chenyewe hakirudishwi kwa urahisi kikiisha achiliwa, nacho hakisimami kwenye mpaka wa kijiji wala wa nchi. Kwa hiyo wale watakaoumwa na mbu hao lazima waulizwe kwanza, kwa lugha wanayoifahamu, nao wawe na uwezo wa kusema hapana. Kutoka Bagamoyo hadi hapa Unyanyembe ilipita ile njia kuu ya misafara. Miembe iliyopandwa zamani ingali inaonyesha ilikopita. Katika njia hiyo walipita watu wengi waliofungwa minyororo, ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda. Leo elimu inaandaliwa kule kule Bagamoyo, nayo huenda siku moja ikaja kwetu kwa njia ile ile. Furaha yetu ni kwamba mikono ya Watanzania ndiyo inayoifanya. Lakini jambo jema nalo, likipelekwa kwa watu bila kuulizwa, huchukua sura ya dhuluma.

Wala hofu hii si ya bure. Katika Burkina Faso, mwaka 2019, mbu dume waliofanywa tasa waliachiliwa katika kijiji cha Bana, baada ya miaka ya mazungumzo na wanakijiji. Mwezi wa Agosti 2025 mbu wengine waliobadilishwa waliachiliwa nchini humo, na katika mwezi ule ule serikali ikaisimamisha kazi yote. Mtu anaweza kuilaumu serikali au kuwalaumu wataalamu, lakini somo liko wazi: watu wasiporidhika, elimu husimama, na watoto huendelea kufa. Hadhrat Umar r.a. hakurudi kutoka Sham kwa amri yake peke yake. Aliwaita Muhajirina akawauliza, akawaita Ansari akawauliza, akawaita wazee wa Makureshi akawauliza, ndipo akaamua. Ikiwa khalifa alifanya mashauri juu ya tauni, mtaalamu wa malaria hawezi kujiona mkubwa kuliko mashauri.

Kwa muhtasari, basi, jibu ni hili. Wanadamu wana haki ya kumgeuza mbu, kwa masharti matatu: haja iwe ya kweli, uchunguzi uwe wa uaminifu usioficha hatari, na watu wenye kuhusika waulizwe na kuridhika. Sharti la kwanza limekwisha timia. Makaburi madogo yanashuhudia. La pili linaendelea kutimizwa maabarani. La tatu linatungoja sisi, yaani walimu, wazee, wazazi na viongozi, tujifunze jambo hili ili siku tutakapoulizwa tujibu kwa elimu, wala si kwa hofu au kwa uvivu.

Juma lililofuata nilikwenda nyumbani kwa yule kijana. Nilimkuta pamoja na mkewe, nikawaomba radhi, nikawaeleza haya niliyoyaandika hapa. Kuhusu sehemu ya pili ya swali lake, nilimwambia kwamba sioni haki ya mtu yeyote iliyomwua mtoto wake. Kimelea hakina haki wala hatia. Haki ilikuwa ya mtoto, nayo ni kwamba sisi wakubwa tufanye yote tuliyojaliwa kuyajua. Mama wa mtoto hakusema neno kwa muda. Kisha akauliza kama mbu hao wa Bagamoyo watafika kabla ya masika yajayo, maana ana mtoto mwingine anayenyonya. Nikamjibu kwamba hawatafika mapema hivyo. Tukakitazama chandarua chao, kilikuwa na matundu mawili. Akaleta sindano, nami nikamshikia taa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa watu wanaozitafakari ishara Zake hata katika mbu, ambaye Yeye hakuona haya kumpigia mfano katika Kitabu Chake. Awape wachunguzi wetu elimu yenye manufaa na moyo wa kumcha Yeye. Awahifadhi watoto wetu, na waliotangulia awape makao mema. Amin.